Ordinatere ya okazio ilifanya kazi masaa ngapi? Jifunze kusoma kontere yake mbele ya kulipa

Mu Lubumbashi, ordinatere mingi zenye kuingia mu nyumba za watu haziko mpya. Ni za okazio: zilifanya kazi kwanza mu biro fulani ya Ulaya, ya Dubai ao ya Afrika ya Kusini, kisha zikasafiri mbali, nyingine zikapitia mupaka wa Kasumbalesa, mpaka kufika juu ya meza ya muuzishaji kule mjini ao ku soko. Mwanafunzi wa UNILU mwenye kuandika kazi yake ya mwisho, mama mwenye kufungua kaduka ka fotokopi Katuba, papa mwenye kutafutia watoto mashini ya masomo, wote wanasikia maneno ile ile: « Hii ilitumika kidogo tu. »

Lakini « kidogo » ni masaa ngapi? Feza ya kununua ordinatere haipatikane kwa siku moja. Kuna familia zenye kuiweka pembeni miezi na miezi. Basi ni vizuri kujua kama ndani ya mashini kuna kontere, sawa ile ya maji ao ya umeme, na kontere ile haijali muuzishaji anasema nini. Mu makala hii tunaeleza namna ya kuisoma, pale inaweza kudanganya, na vile inaweza hata kutuonyesha mambo ya delestaji mu nyumba yetu.

Hesabu mbili zenye watu wanachanganya

Kwanza tutenganishe mambo mawili.

Hesabu ya kwanza inaonyesha wakati wenye ulipita tangu ordinatere iliwashwa mara ya mwisho. Ukiiwasha asubuhi saa mbili na kuangalia saa sita, itaonyesha masaa ine. Hesabu hii inarudi ku zero kila mara ordinatere inaanza upya kabisa.

Hesabu ya pili inaonyesha masaa yote yenye disiki ya ordinatere ilikuwa na umeme tangu itoke ku kiwanda. Ile hairudie ku zero. Inapanda tu, sawa kilometre za gari.

Ya kwanza inakusaidia kutunza mashini yako ya nyumbani. Ya pili ndiyo inakusaidia wakati unataka kununua. Mutu mwenye kuchanganya hizi mbili anaweza kuonyeshwa « masaa tatu » ku kioo na kufikiri mashini ni mpya, kumbe masaa tatu ni tangu muuzishaji aliiwasha asubuhi ile.

Kusoma hesabu ya kwanza

Ordinatere mingi za hapa kwetu zina Windows ya Kifaransa, basi tutatumia majina yenye utaona ku kioo.

Finya pamoja Ctrl, Shift (Maj ku klavie ya Kifaransa) na Esc. Dirisha la « Gestionnaire des tâches » litafunguka. Ingia mu « Performance », kisha chagua « Processeur ». Chini kuna namba ine zenye kutenganishwa na nukta mbili: siku, masaa, dakika na segonde. Ukiona 2:05:30:12, maana yake ni siku mbili, masaa matano, dakika 30 na segonde 12.

Kuna njia ingine. Ku sehemu ya kutafutia andika cmd, fungua lile dirisha jeusi, andika systeminfo na ufinye Entrée. Utapata orodha ndefu: siku na saa ya kuwashwa, siku Windows iliwekwa mu mashini, na tarehe ya BIOS, ile programu ndogo yenye kuamusha ordinatere. Kumbuka hiyo tarehe ya BIOS, tutairudilia.

Mwenye kutumia Linux ao Mac, afungue Terminal na kuandika neno moja: uptime. Ku telefone mingi za Android, hesabu hii inapatikana mu « Paramètres », pale penye wanaeleza hali ya telefone.

Juu ya nini unazima lakini hesabu inaendelea?

Hapa watu wengi wanashangaa. Unazima ordinatere kila mangaribi, lakini Gestionnaire anasema imefanya siku 12 bila kuzimwa. Je, kuna mutu anaiwasha usiku?

Hapana. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuna mupango wa kuwasha haraka. Ukichagua « Arrêter », Windows haizimi yote. Inachukua sehemu ya ndani kabisa ya programu zake, inaiandika ku disiki, na kesho yake inaiamusha vile ilikuwa. Kwa Windows, ni sawa mutu alilala. Hakufa na kuzaliwa upya. Ndiyo maana hesabu inaendelea.

Ukitaka ianze upya kabisa, chagua « Redémarrer ». Wakati mashini inakuwa nzito bila sababu, ama programu inakatala kufunguka, Redémarrer moja inasaidia mara mingi kuliko kuzima na kuwasha mara kumi.

Kuacha mashini siku mingi bila kuianzisha upya kunaweza kuleta matatizo, na hata wakubwa wa dunia walijifunza hilo. Windows 95 na Windows 98 zilikuwa na kosa moja: zilihesabu wakati kwa vipande vya segonde moja kugawanywa mara 1,000, ku kontere yenye haiwezi kupita 4,294,967,295. Namba ile inajaa kisha siku 49 na masaa 17, na hapo mashini iliweza kusimama. Mwaka 2015, Marekani iliamuru makampuni ya ndege kuzima umeme wote wa ndege za Boeing 787 mara kwa mara, juu walivumbua kama zikikaa siku 248 na umeme bila kuzimwa, mashini za kutoa umeme ndani ya ndege zinaweza kuzimika zote kwa mara moja.

Hapa Lubumbashi, kufikisha siku 49 bila umeme kukatika, hiyo ni hadisi ingine.

Kusoma hesabu ya pili: kilometre za disiki

Tangu miaka ya 1990, watu wenye kutengeneza disiki wanaweka ndani yake kitabu kidogo cha afya, chenye kuitwa SMART. Disiki inaandika mule yenyewe: joto yake, makosa yake, mara ngapi iliwashwa, na masaa ngapi ilikaa na umeme.

Ili kukisoma, mafundi wengi wanatumia CrystalDiskInfo. Ni programu ya bure, na kuna aina yake yenye haiombi kuwekwa mu mashini: unaibeba ku kle USB, unaichomeka, unaifungua, basi. Uichukue ku ukurasa wa wenyewe wenye kuitengeneza, hapana kwa mutu wa njiani, juu kle zinabeba virusi. Ukiifungua, utaona neno moja juu ya afya ya disiki, kama ni nzuri, ya kuangalia, ao mubaya. Ku upande wa kuume, juu, utaona namba mbili: mara ngapi disiki iliwashwa, na masaa yote yenye ilifanya.

Huna intaneti, huna kle? Windows yenyewe inaweza kukujibu. Tafuta PowerShell, ifungue kama administrateur, kisha andika musitari huu vile uko:

Get-PhysicalDisk | Get-StorageReliabilityCounter | Format-List

Mu jibu, tafuta PowerOnHours. Namba yenye inafuata ni masaa. Kuna disiki zenye haziijazi nafasi hiyo. Kwa hizo, itafaa kutumia CrystalDiskInfo.

Tufanye hesabu

Masaa 6,000 ni mingi ao kidogo? Shika vipimo vitatu hivi.

Mwaka muzima, usiku na muchana, una masaa 8,760. Hakuna mashini hapa chini ya jua yenye inaweza kupita hapo kwa mwaka moja.

Mashini ya biro, masaa 8 kwa siku, siku 5 kwa juma, inafanya masaa 2,080 kwa mwaka.

Mashini ya nyumbani yenye kutumika masaa 4 kila siku inafanya masaa 1,460 kwa mwaka.

Sasa tuseme muuzishaji anakuambia: « Papa, hii ilitumika miezi sita tu. » Unachomeka kle, unaona masaa 19,000. Haina haja ya kubishana. Miezi sita, hata bila kuzima usiku, haiwezi kupita masaa 4,380. Masaa 19,000 ni zaidi ya miaka 2 bila kuzimwa hata dakika moja, ao miaka 9 ya kazi ya biro. Hesabu imekwisha kusema.

Kisha gawanya masaa kwa hesabu ya kuwashwa. Masaa 19,000 na kuwashwa mara 900 inatoa masaa 21 kwa kila kuwashwa. Mashini kama ile haikuwa ya mwanafunzi. Ilikaa inawaka usiku na muchana, labda kwa kuchunga kamera za duka ao kazi ingine yenye haisimami. Lakini masaa 2,900 na kuwashwa mara 1,450 inatoa masaa mbili tu kwa kila mara. Ile ni mashini ya nyumba, ao ya pahali umeme unakatika-katika.

Masaa mingi haimaanishi kama mashini imekufa. Disiki ya masaa 20,000 inaweza kuendelea, na ya masaa 500 inaweza kuvunjika kesho, zaidi sana kama ilianguka. Kazi ya hesabu hii ni kukusaidia kujua bei ya haki, na kujua kama mutu mwenye kuongea na weye anasema kweli.

Ujanja wenye unapaswa kujua

Kufanya formataje hakufuti kontere ya disiki. Hilo ulishike sana. Muuzishaji anaweza kuweka Windows mpya jana, na systeminfo itaonyesha tarehe ya jana, kila kitu safi. Lakini masaa ya disiki yanabakia vile yalikuwa. Ndiyo maana hatuamini tarehe ya Windows.

Lakini disiki yenyewe inaweza kubadilishwa. Ukiona mashini ya zamani yenye klavie imefutika maandishi, na disiki inaonyesha masaa 40, maana yake waliweka disiki ingine. Hiyo haiko uwongo. Inaweza hata kuwa jambo jema, juu SSD mpya inaamusha mashini ya zamani. Ila masaa 40 ni ya disiki, haiko ya mashini nzima. Hapa ndipo unarudilia ile tarehe ya BIOS ya systeminfo: kama inasema 2014, mashini haikuzaliwa mwaka jana. Angalia pia namba ya mashini ku kibandiko cha chini. Ukiiandika ku ukurasa wa kampuni yenye iliitengeneza, mara mingi utaona garanti yake ilianza ao iliisha lini.

Kuna SSD zenye hazihesabu wakati zimelala. Masaa yake yanaweza kuwa chini ya ukweli, lakini hayawezi kuwa juu yake.

Na kuna wizi wa kweli. Mwanzo wa mwaka 2025, inchini Ujerumani, watu walivumbua kama disiki kubwa za Seagate zenye walinunua kama mpya zilikuwa zimekwisha kufanya kazi masaa elfu na elfu. Wenye kuziuzisha walikuwa wamerudisha kontere ya SMART ku zero. Walikamatwa na nini? Na kitabu cha pili chenye kampuni iliweka ndani ya disiki, chenye wezi hawakufuta. Kwa hiyo usiamini kipimo kimoja tu. Uwongo unashinda kipimo kimoja kwa urahisi, lakini inakuwa nguvu kushinda vitatu.

Kwa ordinatere ya kubeba, kipimo cha pili ni batri. Mu lile dirisha jeusi, andika powercfg /batteryreport. Windows itatengeneza fishie na kukuambia iko wapi. Ifungue, linganisha nguvu yenye batri ilikuwa nayo ikitoka ku kiwanda na nguvu yenye inaweza kushika leo. Kama ilikuwa 48,000 na leo ni 21,000, imebakiza chini ya nusu. Hapa kwetu, penye batri ndiyo inatuokoa umeme ukienda, hiyo ni hasara kubwa kuliko kioo chenye kukwaruzika.

Delestaji nayo inaacha alama

Sasa tuzungumuzie mashini yenye iko tayari ku nyumba. Umeme wa Lubumbashi unatoka ku mabarrage ya Katanga sawa vile Mwadingusha, Koni, Nseke na Nzilo, pamoja na ule wenye kutoka Inga ku waya wa kilometre karibu 1,700 mpaka Kolwezi. Migodi ya shaba na cobalt inatumia sehemu kubwa, muji unaongezeka, na umeme hautoshi. Ndipo inakuja delestaji: kartie hii leo, kartie ile kesho.

Ordinatere ya meza, yenye haina batri, inaandika kila mara ilizimika gafula. Fungua « Observateur d'événements », ingia mu « Journaux Windows », kisha « Système ». Ku upande wa kuume chagua « Filtrer le journal actuel », na uandike namba 6008. Utapata orodha: kila musitari ni mara moja mashini ilizimika bila kuagwa, na siku na saa yake. Namba 41 nayo inaonyesha jambo karibu sawa na hilo. 6005 inaonyesha kuwashwa, 6006 inaonyesha kuzimwa vizuri.

Siyo kila 6008 ni kosa la umeme. Mashini yenye kugandama, ao mutoto mwenye kushikilia kifungo cha kuzima, inaandika vile vile. Na kitabu hiki kikijaa, mistari ya zamani inafutwa. Lakini ukiona 6008 mara tano kwa juma, na saa zake ni zile zile zenye kartie yako inapoteza umeme, umepata jibu.

Juu ya nini hiyo inaumiza? Disiki ya kuzunguka inafanya mizunguko 5,400 ao 7,200 kwa dakika moja, na kichwa chenye kusoma kinapita juu yake karibu sana bila kuigusa. Umeme ukikatika gafula, kichwa kinapaswa kukimbilia pahali pake pa usalama kwa haraka. Inaweza kufanya hivyo mara mingi, lakini siyo bila kuchoka. Kwa SSD, hatari ni maandishi yenye yalikuwa katikati ya kuandikwa: fishie inaweza kuharibika, na Windows ikakatala kuamuka. Na umeme ukirudi kwa nguvu, ama radi ikipiga mu miezi ya mvua, ni sehemu ya kupokea umeme ndiyo inaungua.

Kama orodha yako ni ndefu, mbele ya kununua disiki ingine, nunua ondulere, kile chombo chenye batri chenye kukupa dakika chache za kuandika kazi yako na kuzima vizuri. Stabilizatere peke yake inatuliza umeme wenye kupanda na kushuka, lakini ukikatika kabisa, haisaidii kitu. Na wakati umeme unaenda, chomoa mashini ku ukuta, usiichomeke tena mpaka uone umeme umetulia.

Mbele ya kutoa feza

Ukienda kununua, omba mambo haya kwa heshima. Muuzishaji wa kweli hatakasirika.

Kwanza, mwambie aiwashe na akuache ukae nayo dakika 20, bila kuchomekwa ku umeme. Utaona batri inashuka namna gani.

Pili, soma masaa ya disiki na mara ngapi iliwashwa. Piga picha na telefone yako.

Tatu, soma tarehe ya BIOS. Kama saa ya mashini imerudi nyuma miaka mingi, ka batri kadogo ka ndani kamekufa. Ni cha bei ndogo, lakini mpaka kibadilishwe, tarehe zenye mashini inaandika si za kuamini.

Ine, tengeneza ripoti ya batri.

Tano, linganisha hizo zote na maneno ya muuzishaji. Kama vinapatana, lipa kwa moyo mutulivu. Kama havipatane, una nguvu ya kuomba bei ishuke, ao kuondoka. Na kama anakatala mashini iwashwe mbele yako, hilo nalo ni jibu.

Mambo haya hayamalize dakika 30, na hayaombe diplome ya informatike. Kama nyumbani kuna kijana mwenye kujua kidogo, umupe makala hii muende pamoja. Hata wenye kununua Likasi, Kalemie, Bukavu ao Kisangani, kontere ni ile ile, na inasomwa namna ile ile.